Bahari ya Jirani wa Juu

Sikumpenda akiwa hai, na sitaanza leo kwa sababu amekufa. Najua marehemu hasemwi vibaya. Lakini huyu aliwasema watu miaka yote, tena mbele yao, na hakuna aliyemziba mdomo, kwa hiyo na mimi niacheni niseme yangu. Mama yangu alipoteza shamba kwa sababu ya neno moja ambalo mtu huyu alilielewa na mama hakulielewa, naye akanyamaza. Mengine yote nitakayoyaeleza, vioo vyake, magunia yake na mayai yake, yanazunguka hapo hapo.

Tulimwita Jirani wa Juu, wala si kwa heshima. Kwetu, karibu na Sironga, mashamba hushuka kama mikanda kutoka barabarani kileleni hadi mtoni bondeni. Mkanda wetu ulikuwa umekatwa vipande viwili tangu enzi za wazee. Kipande cha juu, penye barabara na upepo mzuri, kilikuwa chake. Cha chini kilikuwa cha marehemu baba, na baba alipofariki tukabaki humo mama, mimi na wadogo zangu wawili wa kike. Kila kilichomwagwa kwake kiliishia kwetu: maji ya mvua, maganda ya ndizi, kuku waliopotea, na sauti yake.

Sauti hiyo ilikuwa ya Kiswahili. Alikuwa amefanya kazi Mombasa, bandarini, akarudi miaka michache baada ya uhuru akiwa na kofia nyeupe, redio, na Kiswahili ambacho hakuna aliyemwomba. Sisi nyumbani tulizungumza Ekegusii. Kiswahili kilikuwa cha shuleni, cha kununulia vitu Kisii mjini, na cha kuongea na askari. Yeye akakifanya cha kuongea na majirani. Ekegusii alikiweka kwa ajili ya kumtukana mbwa wake na kumwomba Mungu wake.

Ukisema "hii maji," utasikia kutoka juu, "Haya maji!" Ukisema "watoto yangu," utasikia, "Wangu!" Mwanamke amebeba mkungu wa ndizi kichwani, shingo inamuuma, anasalimia kwa adabu, na badala ya kuitikiwa anasahihishwa. Niliwahi kumwona akimsahihisha mtu matangani. Mtu huyo alikuwa fundi cherehani kutoka kando ya ziwa, amefiwa na rafiki yake, analia huku akisema kwa Kiswahili chake, "Kifo amenyang'anya mimi ndugu." Jirani wa Juu akamwegemea akamwambia polepole, "Kimeninyang'anya." Yule bwana akanyamaza katikati ya kilio, akamtazama, kisha akasema tena kama alivyofundishwa.

La mdogo wangu ndilo lililonikaa zaidi. Katika Ekegusii mama mzazi huitwa baba. Ndivyo ilivyo, na hakuna mtoto wa Kigusii asiyelijua hilo kabla ya kuota meno. Siku moja mdogo wangu alikuwa kwenye mteremko akimwita mama aliyekuwa mtoni, "Baba! Baba!" Jirani wa Juu akasimama uani kwake akacheka mpaka akashika mti. "Baba yenu amekufa, nyinyi! Huyo ni mama!" Alikuwa Mgusii kama sisi. Yeye mwenyewe alimwita mama yake hivyo hivyo. Lakini alipenda kucheka kuliko alivyopenda kukumbuka, na mdogo wangu kwa muda mrefu hakumwita mama kwa sauti tena. Alikuwa akimfuata mpaka amfikie, ndipo amvute nguo.

Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata kwake, kwa njia ile ile ya kuaibishwa kidogo kidogo. Na hilo nalo linaniudhi.

Ili nisije nikaambiwa natia chumvi, niseme na mema yake. Hakuwa mlevi. Hakumpiga mkewe, na wakati ule hilo lilikuwa jambo la kutajwa. Alimfundisha mkewe huyo kusoma, jioni kwa jioni, kwa subira ambayo sisi majirani hatukuwahi kuionja. Redio yake aliitoa nje wakati wa taarifa ya habari ili watu wasikilize, na mvua ikinyesha aliwaingiza ndani hata wenye miguu ya matope. Mwanamke mmoja aliposhikwa na uchungu barabarani, ni yeye aliyetoa mlango wake kwenye bawaba, akamlaza juu yake, akaita wanaume wambebe hadi zahanati. Alirudi akaupachika mlango mwenyewe. Niliyaona hayo kwa macho yangu, na kwa sababu niliyaona ndiyo maana nashindwa kusema alikuwa mtu asiye na moyo. Moyo alikuwa nao. Aliuchagulia watu.

Na kitu alichokipa moyo huo wote kilikuwa sanduku la kioo.

Kule Mombasa, barazani kwa mzungu aliyekuwa mkubwa wake kazini, kulikuwa na sanduku la kioo lenye maji ya bahari, mawe ya bahari na samaki wa rangi ndani. Alilitazama miaka yote aliyokaa kule, akaapa kwamba atakuwa na lake. Angeweza kulitengeneza kule kule, penye bahari mlangoni. Hapana. Alingoja astaafu, arudi kwenye vilima vya Nyamira, ambako kati yetu na bahari kuna nchi nzima, ndipo aanze mipango.

Mipango yenyewe ilikuwa ukutani. Sebuleni kwake alichora kwa chaki sanduku zima, upana wake na kimo chake, kwa ukubwa ule ule litakaokuwa nao. Ndani ya mchoro akachora miamba, mapango, na samaki mmoja mmoja mahali pake. Huyu wa mistari ni kitatange, alituambia, atakaa huku kwa sababu hapendi kuchokozwa. Hawa wadogo wa buluu watalala humu. Mgeni aliyekwenda kuomba moto wa jiko alikalishwa kwenye kiti akitazamana na ukuta ule, akatajiwa samaki wote mpaka moto wenyewe ukamtoka akilini. Mkewe alipopiga chokaa nyumba nzima, ukuta ule aliuzunguka.

Fundi wa madirisha alitoka Kisii mjini akaja kumtengenezea sanduku: fremu ya chuma, vioo, na udongo wa kushikia vioo pembeni. Likavuja. Likafumuliwa, likatengenezwa tena. Likavuja kona moja tu, na Jirani wa Juu akagombana na fundi kwa siku nzima kuhusu kona hiyo. Likapakwa lami kwa ndani pembeni, likatulia. Likawekwa karibu na dirisha, juu ya nguzo za mawe, kwa sababu, alisema, matumbawe yanataka jua.

Neno hilo lilimletea msiba wake mdogo. Alilitangaza nje ya kanisa siku ya Sabato, watu wakiwa wamemzunguka: "Chini kabisa nitatandika matumbawe." Mzee mmoja, mtu wa heshima aliyekuwa na bucha sokoni, akauliza kwa nia njema kabisa, "Ya ng'ombe ama ya mbuzi?"

Watu walicheka mpaka wakakalia nyasi. Jirani wa Juu hakucheka. Alimshika yule mzee mkono akaanza: tumbawe, matumbawe, ni jiwe linaloota baharini, utumbo, matumbo, ni hiyo biashara yako. "Sema, mzee. Ma-tu-mba-we." Mzee akasema. "Tena." Akasema tena. Waumini walishaanza kwenda nyumbani kula, na yule mzee bado ameshikwa mkono anarudia. Kumbukeni hilo. Neno likikosewa mbele yake, hakuliacha lipite, hata kama mwenye kulikosea alikuwa na mvi.

Matumbawe alikuwa nayo, makavu, ndani ya kasha alilokuja nalo. Tatizo lilikuwa maji. Ya kwanza aliletewa kutoka Mombasa kwa treni na basi, ndani ya madebe yaliyofungwa vizuri, yakafika yananuka kiasi kwamba utingo alikataa kuyashusha kwa mikono yake. Ndipo akaamua kuitengeneza bahari mwenyewe. Bahari ni maji na chumvi, alisema, mimi nimeiona. Akanunua chumvi ya mawe kwa magunia, akaikoroga ndani ya pipa uani, na kupima kwake kulikuwa yai. Yai likizama, anaongeza chumvi. Yai likielea, bahari imeiva. Mkewe alikuwa na kuku wazuri, na siku za kupima hatukuthubutu kumwomba yai hata la mgonjwa.

Bahari ikiiva inatiwa kwenye sanduku juu ya matumbawe, na Jirani wa Juu anakaa mbele yake kwenye kiti kuitazama. Baada ya siku kadhaa inakuwa nyekundu kwa kutu, au inakuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. "Hayajakubali," anasema. Anayachota kwa debe, anayabeba hadi mpakani mwa shamba, anayamwaga, anaanza upya. Samaki hawakuletwa. Wataletwaje na maji hayajakubali? Miaka ilipita, na samaki pekee waliokuwa mle ni wa chaki.

Sasa nije kwa mama.

Baba alipokufa, ndugu yake mdogo alisema shamba lirudi kwake. Mama hakuwa na mtoto wa kiume, na msichana huolewa, kwa hiyo, alisema, shamba linamlimia nani? Wazee walikaa, wakavutana, mwishowe wakatoa neno. Wapimaji wa serikali walikuwa wanakuja, kijiji kwa kijiji, kuandika kila shamba jina la mwenyewe. Wakilikuta shamba la mjane lina chai, basi lina mti wa kudumu, ameliotesha mizizi yeye, liandikwe lake. Wakilikuta halina, liandikwe la shemeji yake, na shemeji atawatunza. Sote tulijua baba mdogo angetutunza namna gani. Watoto wake mwenyewe aliwatunza kwa mdomo.

Kwa hiyo mama akapanda chai. Bwana shamba, kijana aliyepita vijijini kwa baiskeli akifundisha mambo ya chai, alimwonyesha jinsi ya kutengeneza kitalu. Mama akakiweka juu kabisa ya shamba letu, chini tu ya mpaka wa Jirani wa Juu, kwa sababu hapo udongo ulikuwa mzuri. Akakiezeka kwa majani ya mikangaga ili miche isiungue na jua. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sina pa kwenda, tukawa tunakifanyia kazi pamoja, asubuhi na jioni. Miche ilishika. Nakumbuka mama akiinua majani ya paa kidogo na kuchungulia, akitabasamu peke yake. Mvua ndefu zikifika tutaihamishia shambani, wapimaji watakuja waikute imesimama. Ndivyo tulivyopanga.

Chai ilikuwa imekuja na mbolea yake, nyeupe, ya punje punje, ndani ya magunia. Akina mama hawakuwa na jina lake. Waliitazama, wakaisugua vidoleni, wakaiita chumvi. Chumvi ya chai. Baadaye "ya chai" ikadondoka njiani, ikabaki chumvi tu, kwa Ekegusii hivyo hivyo, omonyo. Ukimsikia mwanamke anasema, "Mwaka huu sina chumvi," hakuwa anaongea habari za mboga. Jirani wa Juu aliujua msemo huo. Msiniambie hakuujua. Nilimsikia kwa masikio yangu, muda mrefu kabla ya hayo, akiwasimamisha wanawake wawili barabarani: "Ile si chumvi, jamani. Ni mbolea. Mbo-le-a." Na wanawake wale walilisema neno lile mpaka akaridhika.

Asubuhi moja mama na mimi tulikuwa kitaluni, Jirani wa Juu akafika mpakani na debe lake. Alikuwa anahema. Mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua, na mkewe alikuwa amekataa kata kata kubeba bahari. Akamwaga upande wa juu wa ua. Mama akainuka.

"Mzee, hiyo maji ni ya nini kila siku?"

"Hayo maji. Ni ya chumvi, Mama Kwamboka."

Kwamboka ni mimi. Mama akaweka jembe chini. "Chumvi? Chumvi ya gunia?"

"Ya gunia."

"Umenunua dukani na unamwaga?"

"Hayajakubali. Sina kazi nayo tena."

Mama akaangalia ile ardhi yenye unyevu, akaangalia miche yetu. Niliona furaha ikimpanda usoni. Mbolea tulikuwa hatuna, hatukuwa na njia ya kuipata, na huyu hapa anaimwaga ovyo nyasini. "Basi usimwage, Mzee. Unipatie mimi, niwekee chai yangu. Nitakuja kubeba mwenyewe."

Hapo ndipo. Yule mtu aliyemshika mzee wa bucha mkono kwa ajili ya matumbo alisimama na debe tupu, akamtazama mama. Alitazama kitalu. Nilikuwa karibu, niliona macho yake yakienda na kurudi. Halafu akaushika mgongo wake, akasema, "Njoo uchukue."

"Mbuya mono," mama akamwambia. Asante sana. Alimshukuru kwa Ekegusii kwa sababu shukrani ya kweli haikumtoka kwa lugha nyingine.

Tukaanza kubeba. Mama na mimi, madebe kichwani, kutoka pipani kwake hadi kitaluni kwetu. Siku hizo alikuwa mwema kwetu kwa namna ya ajabu, akitufungulia lango, hata akitutilia maji kwenye debe ili tusiiname. Mama alimwombea kanisani kwa sauti.

Miche ikaanza kuungua kwenye ncha. Kwanza kahawia kidogo pembeni mwa majani, kisha jani zima. Mama akamwendea, na mimi nilikuwa nyuma yake. "Mzee, wewe umesoma. Miche inakauka. Ni nini?" Jirani wa Juu alikuwa kwenye kiti chake mbele ya sanduku. Hakugeuka. "Huenda ni jua," akasema. "Ongeza maji."

Tukaongeza. Mjue tuliongeza maji gani.

Aliyetuambia ukweli ni ng'ombe. Bwana shamba alikuja akiwa amechelewa sana, akatukuta tunafukuza ng'ombe wa watu waliovunja ua na kuingia kitaluni. Hawakuwa wanakula miche, maana hakukuwa na cha kula. Walikuwa wamepiga magoti ya mbele wanalamba udongo. Bwana shamba akauweka udongo ule ulimini, akatema. "Mama, ng'ombe hawapigi magoti kwa sababu ya mbolea," akasema. "Hii ni chumvi ya kula." Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akaketi chini katikati ya kile kitalu, kati ya wale ng'ombe, akatandaza miguu yake mbele kama msichana mdogo.

Alipanda kwa Jirani wa Juu jioni ile. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani redio ilikuwa inasema. Alibisha na kuita, kisha akarudi. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Kupata miche mingine kulitaka msimu mwingine, na msimu mwingine hatukuwa nao. Wapimaji walifika kabla ya hapo.

Afisa wao hakuwa Mgusii. Alijua Kiingereza na Kiswahili, akataka mkalimani, na mkalimani kwenye mteremko wetu alikuwa nani kama si yeye? Alikuja amevaa kofia yake nyeupe. Baba mdogo alisema yake. Mama akasimama akasema yake kwa Ekegusii, vizuri, bila kulia: kwamba alikuwa na miche, kwamba jirani alimpa omonyo akafikiri ni omonyo ya chai, kwamba jirani alijua na hakumwambia. Ilikuwa hotuba ndefu. Jirani wa Juu akaisikiliza yote, akamgeukia afisa.

"Anasema alikuwa na miche ya chai, bwana, akaitia chumvi."

"Chumvi?"

"Chumvi, bwana."

"Chumvi hii ya kula?"

"Ndiyo, bwana. Ya kula."

Afisa akaweka kalamu chini. "Mama," akasema, "chai hutiwa sukari." Watu wote wakacheka. Walicheka hata waliotupenda, kwa sababu kicheko hakiulizi ruhusa. Mama alijua Kiswahili cha kutosha kuelewa kilichosemwa na kilichoachwa. Akamnyooshea kidole Jirani wa Juu, akasema mwenyewe kwa Kiswahili chake, mbele ya afisa, "Hiyo chumvi ni ya yeye! Ni ya yeye!"

Na Jirani wa Juu, kwa ile tabia yake, au kwa kusudi, sijui na sijali, akasahihisha: "Chumvi yake."

Afisa alikuwa ameinama anaandika. "Nimesikia," akasema. "Chumvi yake. Basi kama chumvi ni yake mwenyewe na aliitia mwenyewe, mimi nifanye nini?" Akauliza kama kuna chai yoyote iliyosimama shambani. Hakukuwa na chai iliyosimama. Shamba likaandikwa la baba mdogo.

Baadaye nilikuja kufundisha Kiswahili shuleni, na kila nikifika kwenye "yake" na "wake" ubaoni, mkono wangu unakuwa mzito. Ni Kiswahili sanifu. Hakuna mtahini atakayekikosoa. Lakini "ya yeye" ya mama ilikuwa na kidole kilichonyooshwa, na "yake" haikuwa na kidole.

Baba mdogo alitutunza msimu mmoja, kisha akahitaji nyumba. Tukahamia Birongo, mama akakodi chumba sokoni, akafungua hoteli ndogo ya chai na mandazi. Hatukufa njaa. Sitaki mtu atuonee huruma. Lakini mama alizeeka akichemsha chai ya mashamba ya watu, na sikumsikia tena akizungumzia kupanda kitu chochote, hata sukuma wiki.

Jirani wa Juu alikuja mara moja tu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, siku ya soko, mimi nikiwa likizoni nikimsaidia mama. Aliingia akiwa na mkongojo, kofia haipo, shati limefungwa kifungo kisicho chake. Mkewe alikuwa amefariki. Alikaa meza ya karibu na jiko, na mama akamletea chai kabla hajaagiza, kama anavyomletea mtu yeyote. Alituambia sanduku bado lipo. Vifaranga hulala humo. Alisema hilo bila kutaka tucheke, na hatukucheka.

Nilitaka aondoke. Nilisimama na birika mkononi nikimtazama, nikiomba chai imuunguze. Akanywa nusu kikombe, akakisukuma kando.

"Mama Kwamboka," akasema. "Lile jambo."

Mama akaendelea kufuta meza.

"Mgongo ulikuwa unaniuma. Nilisema, achukue siku moja, kesho nitamwambia. Kesho ukaja na shukrani. Nikashindwa. Halafu ikawa kila siku inafanya ya jana kuwa ngumu zaidi. Lakini nilidhani utaonja. Haki ya Mungu. Nilijiambia, mkulima gani hatachovya kidole aonje? Ataonja, atajua, atamwaga, na mimi sitalazimika kusema. Kwa nini hukuonja?"

Aliuliza kama mtu anayedai kitu. Ndivyo alivyokuwa, hata katika kutubu alimtafuta mwenye kosa. Nilifungua mdomo nimtoe nje, mama akaninyamazisha kwa mkono wenye kitambaa.

"Nilionja," mama akasema.

Jirani wa Juu akainua uso.

"Siku ya kwanza. Kabla ya kumwagia mche hata mmoja. Nilichovya kidole, nikaonja, nikasikia ni chumvi ya mboga." Mama hakupandisha sauti. "Nikarudi kukuangalia. Ulikuwa umesimama hapo juu, unatuona. Nikasema, huyu ni mtu amesoma, amekaa Mombasa, kila kitu kwetu anajua kama iko makosa. Kama hii ingekuwa makosa, angeniambia. Basi nikajua ulimi yangu ndio mjinga, nikamwaga."

Alikunja kitambaa chake, akaenda kwa wateja wengine waliokuwa wakiita. Jirani wa Juu alibaki ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Na mimi nilikuwa nimesimama na birika pale pale, maana miaka yote ile mama hakuwa ameniambia kwamba alionja.